Vali imeingia, lakini nyuzi si zake: jibu kwa anayenunua mitungi ya chuma ya kuzamia iliyotumika

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nimeonyeshwa mitungi miwili ya chuma ya kuzamia, yote imetumika. Wa kwanza umegongwa bar 232, lita 12, M25x2, na hauna vali. Wa pili ni wa Marekani, umegongwa DOT-3AA2250, nao ulikuja na vali ya zamani yenye mkono pembeni ambayo inavuja. Mimi nina vali moja nzuri ya DIN, ile ambayo regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa) hufungwa ndani yake kwa nyuzi, nayo imeandikwa M25x2. Nimeijaribu kwenye mtungi wa Marekani ikaingia, mwishoni nikaibana kidogo kwa spana ikakaa. Rafiki yangu anasema ikiingia inafaa. Ninunue mtungi upi, na vali hii niifunge wapi?"

Ndugu yangu, kama hiyo vali bado imo kwenye shingo ya mtungi wa Marekani, itoe kwanza ndipo uendelee kusoma. Mtungi huo usijazwe hata kidogo, hata kwa nia ya kuona tu kama unavuja. Hilo neno la rafiki yako, kwamba kilichoingia kimefaa, kwenye bomba la bustani litakumwagia maji tu. Kwenye mtungi wa presha limeshasababisha vali kuruka kama risasi na kujeruhi watu waliokuwa wameinama juu yake.

Tuangalie kilichotokea shingoni. Nyuzi za vali yako ni M25x2, maana yake kipenyo cha nje ni milimita 25, na kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni milimita 2. Shingo ya mtungi wa Marekani, kwa kuwa imeikubali vali hiyo, karibu bila shaka imekatwa nyuzi za robo tatu ya inchi, nyuzi 14 kwa kila inchi, yaani uzi hadi uzi milimita 1.81. Vali iliyotengenezwa kwa ajili ya shingo hiyo ina kipenyo cha milimita 26 na kidogo. Yako ni nyembamba kwa zaidi ya milimita moja, ndiyo maana iliteleza ndani bila ubishi. Nyuzi zake zinazigusa za shingo kwa ncha tu, pungufu ya nusu milimita kila upande, na kwa kila mzunguko zinaachana kwa karibu sehemu moja ya tano ya milimita. Ukifika mzunguko wa tano zimeshapishana nusu ya uzi. Vali ni ya shaba, na shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo ulipotia spana shaba ilikubali kukandamizwa, nawe mkononi ukahisi vali "imekaa".

Baya zaidi ni kwamba inaweza isivuje. Kinachozuia hewa pale ni oringi, pete ya mpira iliyo shingoni, na oringi haijui habari za nyuzi. Unaweza kuutumbukiza mtungi kwenye pipa la maji usione povu hata moja. Sasa piga hesabu. Tundu la milimita 25 lina eneo la karibu sentimita za mraba 4.9. Kwa bar 171 vali inasukumwa nje kwa nguvu ya kilo 850 hivi, na kwa bar 232 inapita tani moja. Mzigo wote huo umebebwa na ncha za shaba. Zinaweza kuhimili leo, zikahimili na wiki ijayo, kisha zikakatika mtungi ukiwa umejaa na uso wako uko juu ya vali ukifunga regyuleta.

Niliwahi kuletewa mtungi wa namna hiyo karakanani. Mwenyewe alitaka tu abadilishiwe oringi, na ulikuwa umeshajazwa zaidi ya mara moja. Tuliutoa hewa yote, tukailegeza vali nusu mzunguko, nayo ikaanza kucheza kushoto na kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Vali iliyo kwenye nyuzi zake haichezi hivyo. Tulipoitoa na kuiweka chini ya taa, ncha za nyuzi zilikuwa zimelala bapa, zinang'aa kama zimepigwa msasa, huku mabonde kati ya uzi na uzi yakiwa bado na vumbi la zamani. Ile sehemu iliyong'aa ndiyo peke yake iliyokuwa imebeba mzigo wote. Tangu siku hiyo sifungi vali yoyote bila kuipima, hata iwe imetoka kwa mtu ninayemwamini.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Chukua kalipa, chombo cha kupimia kipenyo, bana nyuzi za vali kwa nje. Ikisoma kati ya 24.7 na 25, hiyo ni M25. Ikisoma 26 na kitu, ni ya robo tatu ya inchi. Kwa shingo ya mtungi fundi ana geji mbili, moja inayopaswa kuingia na nyingine inayopaswa kukataa, na anazitumia zote mbili kwa sababu geji ya kwanza peke yake inaweza kukudanganya vilevile kama vali yako ilivyokudanganya. Ukigeuza mambo, vali ya robo tatu ya inchi kwenye shingo ya M25 haiingii kabisa. Kosa linaloua ni la upande mmoja tu, na ndilo ulilolifanya.

Kuna ndugu wengine wa nyuzi hizi ambao utakutana nao kwenye mitungi ya zamani. Mitungi ya zamani ya Uingereza mingi ina robo tatu ya inchi ya BSP. Nayo ni nyuzi 14 kwa inchi, lakini pembe ya uzi ni digrii 55, ilhali ile ya Marekani, inayoitwa NPSM, ni digrii 60. Zinafungana, na haziruhusiwi kufungwa pamoja. Mitungi fulani ya Marekani ya psi 3500 (psi ni kipimo cha presha cha Marekani) ina shingo ya 7/8-18, uzi mwembamba ambao vali zake ni adimu. Mtungi huo usiununue bila vali yake. Halafu ipo mizee ya chuma yenye shingo nyembamba ya nusu inchi inayosinyaa kama koni, isiyo na oringi, inayofungwa kwa utepe wa tefloni. Hiyo mimi naiacha ilipo, kwa sababu siku vali yake ikifa utahangaika sana kuipata nyingine.

Sasa mitungi yenyewe. Mtungi husomwa begani. Futa rangi na vumbi, tumia brashi ya nailoni na tochi iliyolazwa ubavuni ili kivuli kiingie kwenye herufi. Kwenye ule wa kwanza utafute presha ya kujazia, 232, na presha ya majaribio, ambayo kwa mtungi wa aina hiyo ni 348, mara moja na nusu. Utaona pia ujazo kwa lita, uzito mtupu kwa kilo, namba ya mtungi, aina ya nyuzi na tarehe za majaribio. Kwenye wa Marekani, DOT ni Idara ya Usafiri ya huko, DOT-3AA ndiyo aina ya chuma na kanuni yake, na 2250 ni presha ya kujazia kwa psi, karibu bar 155. Tarehe ya jaribio imegongwa mwezi na mwaka, na katikati yake kuna alama nne za kituo kilichopima. Kama baada ya tarehe kuna alama ya kujumlisha, mtungi unaruhusiwa kuzidishwa asilimia 10, yaani psi 2475, bar 171 hivi. Alama hiyo haidumu daima. Inatakiwa kugongwa upya kila mtungi unapofaulu jaribio kwa kipimo chake maalumu. Ukiikuta kwenye tarehe ya kwanza tu na haipo kwenye ya mwisho, mtungi ni wa 2250.

Hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu sana. Mitungi yako miwili kwa macho inafanana. Kama huo wa Marekani ni ule maarufu wa futi za ujazo 72, nao una karibu lita 12. Lakini wa kwanza ukijaa una lita 12 mara 232, takriban lita 2,780 za hewa, na wa pili kwa bar 171 una kama 2,050. Mtu wa kompresa aliyezoea 232 akiuunga wa Marekani bila kusoma bega, ataufikisha psi 3365. Presha ya majaribio ya mtungi huo ni psi 3750. Yaani kila siku ya kuzamia mtungi unapelekwa karibu na mahali ambapo maabara huupeleka mara moja kwa miaka mitano, tena wakiwa wameujaza maji. Wapo wazamiaji wanaojaza mitungi ya presha ndogo kupita kiasi kwa makusudi na kujisifu kwamba chuma ni kigumu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kila kujaza ni kuuvuta ukuta wa mtungi na kuuachia, na chuma kina kumbukumbu.

Umri wenyewe usikutishe. Chuma cha kromu na molibdeni kikitunzwa hakina tarehe ya kufa. Mitungi ya miaka ya 1960 bado inafaulu majaribio. Adui yake ni kutu, na kutu ya hatari hujificha mahali pawili.

Pa kwanza ni chini ya buti, kile kiatu cha mpira au plastiki. Mitungi mingi ya chuma ina kitako cha mviringo, haiwezi kusimama bila buti, na buti hushika maji ya chumvi kama kikombe. Usinunue mtungi ambao mwenyewe anakataa buti livuliwe. Likigoma, mimina maji ya moto lilainike, kisha ligonge kwa nyundo ya mpira. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa inayotoka kwa brashi haina neno. Unachoogopa ni vishimo, hasa vikijipanga mstari pale ukingo wa buti unapokaa, na magamba yanayobanduka kwa ukucha. Mkanda wa kubebea mtungi nao huacha mstari wake, upitie kwa kidole. Mtungi uliochovywa kwenye zinki moto ndio ninaoupenda, ule wa kijivu butu. Zinki huliwa kwanza ili chuma kibaki. Rangi mpya inayong'aa juu ya mtungi mzee hunipa wasiwasi kuliko mtungi uliochubuka, maana kwenye mchubuko naona chuma. Na kama rangi hiyo ni ya unga uliookwa kwenye tanuri, uliza ilipikwa kwa joto gani. Ukiona rangi iliyovimba na kuungua, alama ya moto, alama ya kulehemu au bega lililofutwa kwa tupa, ondoka.

Pa pili ni ndani, na ndani ndiko biashara ilipo. Mtungi wako wa kwanza hauna vali, kwa hiyo una bahati ya kuuchungulia palepale, lakini pia umekaa ukivuta unyevu kwa muda usiojulikana. Uinamishe juu ya karatasi nyeupe na uugonge kitako kwa kiganja. Kikidondoka kijivumbi kidogo cha kahawia, sawa. Zikidondoka chembe nene zinazochakacha kama mchele, kazi ipo. Shusha taa ndogo yenye waya mwembamba na kioo cha daktari wa meno. Wekundu mwembamba uliotandaa, ambao bado unaona ukuta laini chini yake, husafishwa kwa kuuviringisha mtungi na changarawe ngumu ndani yake. Angalia kama kuna mstari mrefu kwenye ubavu mmoja, dalili kwamba mtungi ulilazwa miezi mingi ukiwa na maji ndani, au duara chini kwenye kitako ikiwa ulisimama. Maji ya chumvi ndani ya mtungi uliojaa ni mabaya kuliko nje, kwa sababu oksijeni imebanwa humo na kutu inakua haraka mno. Kutu hiyo pia hula oksijeni yenyewe: mtungi uliofungwa na maji kwa miaka unaweza kuwa na hewa isiyotosha kumweka mtu hai. Hewa ya zamani ya mtungi ulionunuliwa hutolewa yote, haivutwi hata pumzi moja.

Mitungi mingine ya zamani ilipakwa utando wa plastiki ndani. Utando ukianza kupasuka, kutu hutambaa chini yake usiione, na vipande vyake huweza kuziba vali. Mtungi wa hivyo uhesabu pamoja na gharama ya kuutoa huo utando wote, au uuache.

Ukiukuta mtungi mwingine una vali na presha, usijaribu kuing'oa vali shingoni mwenyewe kwa sababu tu umesikia hewa imekoma kutoka. Mrija mdogo ulio chini ya vali unaweza kuziba kwa kutu na presha ikabaki ndani. Kazi hiyo mpe fundi. Wewe fungua vali kidogo juu ya kitambaa cheupe: kitambaa kikipata wekundu, umeshajua hali ya ndani. Nusa pia. Harufu ya mafuta inasema kompresa ya mwenyewe ilikuwa mbovu.

Baada ya macho yako bado jaribio la maji ndilo lenye neno la mwisho. Mtungi hujazwa maji, huwekwa ndani ya chombo kingine cha maji, hupandishwa hadi presha ya majaribio, na upanuke wake hupimwa. Ukiachiwa, ule upanuke usiorudi hautakiwi kuzidi asilimia 10 ya upanuke wote. Marekani jaribio hili ni kila miaka 5, na kuchungulia ndani ni desturi ya kila mwaka. Uingereza ni miaka 5 kwa maji na miaka miwili na nusu kwa macho. Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kukubaliana na muuzaji kwamba fedha zinatolewa mtungi ukifaulu, na kabla ya hapo umuulize mwenye kompresa unakojazia kama anaupokea mtungi wenye chapa hiyo. Vituo vingi vya Ulaya havitaki mtungi wa DOT, na Marekani havitaki usio na DOT. Mtungi mzima usiojazwa popote ni chuma chakavu chenye bei.

Upande wa juu wa vali, pale regyuleta inapofungwa, mambo ni mepesi zaidi. Kama regyuleta yako ni ya klampu, ile inayobana vali kwa nje, vali ya DIN ya bar 232 mara nyingi hukubali kipande cha kujazia tundu kinachofungwa kwa ufunguo wa aleni, na ukikitoa inarudi kuwa DIN. Vali ya DIN ya bar 300 ina tundu refu la nyuzi 7 badala ya 5. Regyuleta ya 300 hufunga kwenye vali zote mbili; ya 232 haifiki kwenye kikao cha vali ya 300, na hilo limefanywa kwa makusudi. Vali za Marekani zina pia kisahani kidogo cha usalama kinachopasuka presha ikizidi. Kisahani hicho lazima kiendane na presha ya majaribio ya mtungi, kwa hiyo vali iliyohamishwa kutoka mtungi wa presha kubwa kwenda wa presha ndogo haikulindi tena mpaka kibadilishwe.

Ile vali yenye mkono pembeni ni ya akiba, ya enzi ambazo wazamiaji hawakuwa na geji ya presha. Mkono ukiwa juu, hewa huanza kuwa nzito kuvuta presha ikishuka. Ukiushusha unapata iliyobaki. Ukiutengeneza, kumbuka mkono uwe chini wakati wa kujaza, la sivyo mtungi haujai vizuri. Lakini ushushwapo kwa bahati mbaya majini humnyima mtu akiba bila yeye kujua, nami nisingeurudisha kazini.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa huenda umezoea alumini. Hewa ya mtungi wa lita 12 kwa bar 232 ina uzito wa zaidi ya kilo 3, na mtungi unapoisha unapungua hivyo. Wa alumini wa futi 80 ukiisha huelea kwa karibu kilo 2. Wa chuma kwa kawaida hubaki chini au sawa na maji. Punguza kiasi vile vipande vya risasi vya kukuzamisha ulivyovaa kiunoni, na ujipime tena kwenye maji mafupi mtungi ukiwa karibu kuisha.

Kwa hiyo nunua ule wa lita 12, bar 232, ukifaulu ndani na kwenye jaribio. Wa Marekani uchukue tu ikiwa kituo chako kinaujaza na utapata vali mpya ya 3/4-14 NPSM yenye kisahani chake. Vali yako ya M25x2 ni ya mtungi wa kwanza, lakini kwa kuwa iliminywa na spana kwenye shingo isiyo yake, fundi aiangalie nyuzi kwa geji kwanza; zikiwa zimelala bapa, itupwe hata kama sehemu ya juu inang'aa. Ikipona, ifungie kikaratasi kigumu chenye maandishi "M25x2" kwa wino usiofutika, uiweke pamoja na mtungi wake, na usiirudishe kwenye boksi la vali mchanganyiko ulikoitoa.